Mlinzi Mmoja Hatoshi: Hesabu Iliyofichwa Kwenye Minara ya Moto

Msomaji mmoja ametuma picha ya kibanda cha mbao kilichokaa peke yake juu ya kilele, vioo pande zote nne, pamoja na swali hili: mtu aliyekaa humo kiangazi kizima, akiona moshi kilomita 20 mbali, milima nyuma ya milima, aliwezaje kuwaambia wenzake walio bondeni kwamba moto uko wapi hasa?

Kibanda chenyewe ni cha Desolation Peak, jimbo la Washington, Marekani, mita 1,860 juu ya usawa wa bahari, karibu na mpaka wa Kanada. Wengi wanakifahamu kwa ajili ya mwandishi Jack Kerouac, aliyelinda moto hapo kwa siku 63 mwaka 1956. Nimefurahi kwamba msomaji hakuuliza habari za Kerouac. Ameuliza jambo zuri zaidi.

Historia naipitia haraka. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, moto uliteketeza takriban hekta milioni 1.2 za misitu, hasa Idaho na Montana, na kuua watu wasiopungua 85, wengi wao wazima moto. Idara ya Misitu ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1905, ikatoka na azimio moja: moto ukutwe ungali mdogo. Walinzi wakapandishwa vileleni. Mwaka 1913 Hallie Daggett akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na idara hiyo kwa kazi hii, huko California. Mwaka 1915 kibanda kikawekwa juu kabisa ya Mount Hood, Oregon. Desolation, mlima uliopewa jina hilo baada ya kuungua mwaka 1926, ulipata kibanda chake mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Sasa tuingie ndani. Katikati ya chumba, chenye mita nne na ushee kila upande, kuna duara la chuma. Chumba kizima kilijengwa kwa ajili yake. Alilibuni William Bushnell Osborne, mtaalamu wa misitu wa Oregon, kuanzia mwaka 1911. Wenyewe walikipa chombo hicho jina la kitafuta moto. Mimi nitakiita kilengamoshi, maana moto umejificha chini ya miti na kinachochomoza ni moshi. Tena kutafuta ni kazi ya macho ya mlinzi. Kazi ya chombo ni kulenga.

Ndani ya duara imebandikwa ramani, na kitovu cha ramani ni kibanda chenyewe. Ukingoni kuna pete iliyogawanywa digrii 360, kila digrii ikagawanywa tena hadi dakika, yaani sehemu moja ya sitini. Juu ya pete vimesimama vilengeo viwili vinavyotazamana: kimoja kina tundu la kuchungulia, cha pili kina fremu yenye singa moja ya farasi iliyonyoshwa wima. Mlinzi huzungusha vilengeo mpaka tundu, singa na shina la moshi vikae mstari mmoja. Ni lazima iwe shina, maana kilele cha moshi hufuata upepo. Kisha husoma namba. Nguzo ya dirisha ikimziba, chombo kimekaa juu ya reli: anakisukuma kando kidogo, moshi unajitokeza, na sentimita hizo chache si kitu mbele ya kilomita 20.

Lakini namba hiyo, tuseme 214, bado haisemi moto uko wapi. Inasema tu kwamba moto upo mahali fulani juu ya mstari unaotoka kibandani na kwenda zake. Mvuvi wa pwani anaielewa hali hii vizuri. Anapotaka kurudi kwenye mwamba wenye changu, mwamba ulio pima nyingi chini ya maji, hutazama nchi kavu. Mnazi uliopinda ukikaa sawasawa mbele ya mnara wa msikiti, anajua yuko kwenye mstari wake. Ila mstari huo ni mrefu: mwamba waweza kuwa chini ya ngalawa yake, au mwendo wa saa nzima mbele. Basi anageuza shingo na kutafuta jozi nyingine, labda ncha ya kisiwa na mbuyu ulio nyuma yake. Anakwenda akichunga mnazi na mnara visiachane, mpaka ncha na mbuyu navyo vikutane. Hapo hutia nanga. Na mvuvi mzoefu hachagui alama ovyo. Jozi ya pili huitafuta ubavuni, kwa sababu jozi mbili zilizo upande mmoja hukutana polepole na kuachana polepole, na katika polepole hiyo ngalawa husogea mbali bila mwenyewe kutambua. Walinzi wa moto walifanya hesabu hiyohiyo kinyumenyume. Mvuvi yuko kwenye nukta na anazitazama alama. Walinzi wako kwenye alama na wanaitazama nukta.

Mistari yao ilikatana ofisini, bondeni. Palikuwa na ramani kubwa. Kuzunguka kila mnara palichorwa duara la digrii, na katikati ya duara ulitoka uzi. Taarifa zilishuka kwa waya wa simu uliofungwa kwenye miti, baadaye kwa redio. Mpokeaji aliuvuta uzi wa mnara wa kwanza hadi digrii zilizotajwa, akauvuta wa mnara wa pili, na pale nyuzi zilipopishana ndipo wazima moto walipotumwa.

Hapa ndipo uzuri wenyewe ulipo. Tuseme kila mlinzi anaweza kukosea nusu digrii, kushoto au kulia, na moshi uko kilomita 20 kutoka kwa kila mmoja. Kwa umbali huo nusu digrii ni mita 175, kwa hiyo mstari wa kila mlinzi kwa kweli ni ukanda wenye upana wa mita 350. Kanda mbili zikikatana kwa pembe mraba, moto umo ndani ya eneo la mita 350 kwa 350, kama hekta 12. Zikikatana kwa digrii 10 tu, eneo hilo linavutika na kuwa msambamba mwembamba wenye urefu wa kilomita 4 na ukubwa wa hekta 70. Macho ni yaleyale na kosa ni lilelile. Kilichobadilika ni mahali walinzi walipoketi.

Ichukue Desolation yenyewe. Yapata kilomita 20 upande wa kusini upo Sourdough Mountain, nao una kibanda cha ulinzi. Moshi ukizuka juu ya mstari unaoviunganisha vilele hivi viwili, walinzi wanatazamana uso kwa uso, nyuzi zao zinalaliana na hakuna nukta inayopatikana. Walinzi wawili wamegeuka mmoja. Anahitajika wa tatu, aliye ubavuni. Na Crater Mountain, mashariki mwa ziwa Ross, ulikuwa na kituo pia. Mshairi Gary Snyder alikilinda mwaka 1952, kisha akahamia Sourdough mwaka 1953.

Na kama moshi umeonwa na mnara mmoja tu? Osborne alilifikiria na hilo. Katika miaka ya 1930, kamera aliyoibuni ilipandishwa kwenye vituo vya kaskazini-magharibi mwa Marekani kupiga mandhari yote: kila picha digrii 120, tatu zikakamilisha duara, na juu yake vipimo vya pembe, za mlalo na za wima. Mlinzi akitaja pembe mbili, mtu wa ofisini mwenye picha hizo aliweza kuweka kidole kwenye mgongo uleule wa mlima ulioko mbele ya mlinzi. Milima inayoziba macho ikageuka kuwa mstari wa pili!

Yapo ya kuzingatia. Dira ya sumaku katika milima hiyo ilipotoka kaskazini ya kweli kwa zaidi ya digrii 20, hivyo chombo kililinganishwa na vilele vinavyojulikana. Ukungu hufunga kila kitu. Na kuzima kila moto kumelimbikiza kuni misituni.

Siku hizi satelaiti zenye kihisi cha VIIRS huitazama ardhi kwa vipande vya mita 375, karibu sawa na kanda zetu, lakini hupita mara chache kwa siku. Kwa hiyo vilele vimerudi kazini. Mtandao wa ALERTCalifornia, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego, una kamera zaidi ya 1,000. Kila kamera inayoona moshi hutoa kilekile alichotoa mlinzi wa mwaka 1915: mwelekeo mmoja. Anayepanga kufunga kamera moja kileleni, popote pale, aulize kwanza ya pili itakaa wapi.