Nyasi za bahari zarejea Virginia

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 maradhi yaliziangamiza nyasi za bahari pande zote mbili za Atlantiki ya Kaskazini. Katika ghuba za jimbo la Virginia, Marekani, kimbunga cha Agosti 1933 kikamalizia zilizosalia. Kombe, jamaa za chaza, ambao wachanga wao hujishikiza kwenye majani hayo, walitoweka na uvuvi wao ukafa.

Nyasi hizo si mwani kama ule unaolimwa Zanzibar. Zina mizizi, maua na mbegu. Majani yake hupunguza nguvu za mawimbi, tope likatulia na mwanga ukapenya. Mmea huu, ajabu yake, hujisafishia wenyewe maji unayoyahitaji. Ukitoweka, tope hutibuka. Na mbegu zake aghalabu haziendi mbali.

Ghuba hizo zilikaa tupu kwa zaidi ya miaka 60, hadi wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi ya Bahari ya Virginia walipoanza kutawanya mbegu. Kufikia 2020 zilikuwa zimetawanywa zaidi ya milioni 70, na nyasi kutanda kwenye hekta zipatazo 3,600. Kombe nao wamerudishwa humo.