Mamlaka ya bodi ya shule yanaishia wapi?

WAZAZI wengi huisikia bodi ya shule pale tu mtoto anaporejea nyumbani na barua ya kudai pesa za basi, chakula au bweni jipya. Barua hueleza kwamba bodi imeamua, naye mzazi huanza kutafuta mkopo bila kuuliza uamuzi huo ulipitia wapi.

Bodi za Usimamizi ziliundwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Awali, shule za upili zilisimamiwa na Bodi za Magavana, nazo za msingi zikawa na kamati zake.

Sheria ya 2013 inatenga viti sita vya wawakilishi wa wazazi au jamii wanaochaguliwa. Wengine ni watatu wa mfadhili wa shule, ambaye aghalabu ni dhehebu la kidini, mmoja wa walimu, mmoja wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu na mmoja wa makundi maalumu katika jamii. Baraza la wanafunzi pia lina mwakilishi. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Bodi hiyo husimamia mali na fedha za shule, huhakikisha kuna madarasa na vifaa vya kutosha, na huajiri wafanyakazi wasio walimu. Walimu wa kudumu huajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu (TSC). Wanapopungua, bodi nyingi huajiri wengine na kuwalipa kwa pesa za shule.

Hapo ndipo mzigo unapomwangukia mzazi. Mnamo 2018 serikali ilipandisha mgao wa kila mwanafunzi wa shule ya upili hadi Sh22,244 kwa mwaka, lakini pesa hizo zimekuwa zikichelewa mara kwa mara. Shule ikiishiwa, bodi huona njia rahisi ni kuwatoza wazazi.

Mzigo huo umezidi tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia sekondari ya juu. Masomo yao yamegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mkondo wa sayansi bila maabara ni jina tu, na ni bodi inayopaswa kupanga jinsi maabara hiyo itakavyopatikana.

Hata hivyo, uamuzi wa bodi pekee hautoshi kuhalalisha ada. Sheria inapiga marufuku karo ya masomo kwa Wakenya katika shule za umma. Ada nyingine zinahitaji idhini ya Waziri wa Elimu, kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hata zikiidhinishwa, mtoto hapaswi kunyimwa masomo kwa kukosa kuzilipa, na kila anayepokea pesa hizo lazima atoe stakabadhi rasmi.

Kwa hivyo, mzazi anayepokea barua ya aina hiyo ana haki ya kuuliza idhini iko wapi na stakabadhi itatolewa na nani. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamishi kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Dawa ya kudumu, hata hivyo, imo katika mkutano wa kuwachagua wawakilishi wa wazazi, ambao wengi huususia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la shule hukaguliwa vyema na wenye watoto humo.