Falstaff ndani ya tenga: kichekesho cha Shakespeare kwa Kiswahili

Mwanaume mmoja anaandika barua mbili za mapenzi. Maneno ni yale yale, kilichobadilika ni jina la mwanamke tu. Wanawake hao wameolewa, na ni marafiki. Wanaonyeshana barua. Mpenzi msikilizaji, badala ya barua weka ujumbe wa simu, uone kama kisa hiki ni kigeni kijijini kwenu.

Kisa hiki kina miaka zaidi ya 400. Kimetungwa na Mwingereza William Shakespeare. Aprili 2012 kilichezwa kwa Kiswahili jijini London, kwa jina la Wanawake wa Heri wa Windsa, katika tamasha lililokusanya tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Onyesho liliandaliwa na kikundi cha Kenya, lakini Falstaff, yule mwandishi wa barua, aliigizwa na Mtanzania: Mrisho Mpoto, mghani tunayemwita Mjomba.

Ukumbi wa Globe hauna paa katikati, na watazamaji wengi husimama mbele ya jukwaa, kama sisi tunavyotazama ngoma uwanjani. Wasiojua Kiswahili waliwekewa muhtasari wa kila onyesho tu. Mengine waliyasoma kwenye uso na mwili wa waigizaji.

Kisa chenyewe

Falstaff ameishiwa fedha. Anawataka wanawake hao kwa sababu ndio wanaoshika mifuko ya waume zao. Wao hawapigi kelele. Wanajifanya wamekubali, wanamwita nyumbani. Mume mmoja, Ford, mwenye wivu mkali, anarudi ghafla. Falstaff anaingizwa kwenye tenga la nguo chafu, anabebwa na watumishi, anamwagwa mtoni.

Aliyewahi kuleta mazao Kariakoo, Dar es Salaam, picha hiyo anaijua. Tenga likipita begani, watu wanapisha njia, hakuna anayeuliza ndani kuna nini. Hata jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kicheko na fimbo

Mara ya pili Falstaff anatoroshwa akiwa amevaa nguo za bibi kizee. Ford anamwita bibi huyo mchawi, anamtandika fimbo. Watazamaji hucheka kwa sababu wanajua aliye ndani ya gauni ni nani.

Hapo tunaomba tusimame kidogo. Ford hajui. Yeye anaamini anampiga mwanamke mzee. Katika baadhi ya vijiji vyetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo yanaweza kuwa ya moshi wa jikoni. Tungekuwa tunacheka kama angekuwa bibi wa kweli?

Wanawake wenyewe hawatumii fimbo. Silaha yao ni kicheko. Mara ya tatu wanamleta Falstaff msituni usiku akiwa na pembe kichwani, na watoto waliojifanya mizimu wanamfinya. Ford naye, baada ya kuelezwa ukweli, amekwisha kumwomba radhi mkewe. Mwisho Falstaff anaaibika mbele ya wote, kisha anakaribishwa nyumbani, wakacheke pamoja kando ya moto.

Tumewahi kuwa na Shakespeare wa Kiswahili kabla ya hapo. Mwaka 1969, akiwa Rais, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Lugha inayotosha sokoni inatosha jukwaani pia.

Kichekesho kizuri humwadhibu mkosaji bila kumfukuza kijijini. Je, kwenu mkosaji hurudishwa vipi kundini: kwa fimbo, kwa faini, au kwa kicheko?