Wakati wa kutupa ree mbili katika poka

MKAZI wa Eldoret asikiapo neno poka, huenda akakumbuka ule mchezo wa vijana wa kulinganisha karata na kutangaza "niko kadi". Poka ya kasino ni nyingine. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa awamu: tatu, halafu moja, halafu ya mwisho. Dau huwekwa katika kila awamu, na hapo ndipo karo ya mtoto inapoweza kuishia.

Chukulia mchezaji ameshika ree ya pau na ree ya uru. Mezani zimefunuliwa tisa ya kopa, nane ya kopa na tatu ya pau. Anaongoza, ila uongozi wenyewe ni mwembamba. Mpinzani mwenye saba na sita za kopa ana karata 15 zinazoweza kumkamilishia kopa tano au mfululizo, na angalau moja itajitokeza takriban mara 56 katika kila 100. Hata hivyo, kutupa ree hapa ni mapema mno. Yafaa kuweka dau kubwa ili anayesubiri karata alipie subira yake.

Mambo hugeuka karata ya nne ikiwa kumi ya kopa. Mezani pana Sh2,000, na mpinzani aliyekuwa akifuata kimya kimya anaweka Sh2,000 nyingine. Kufuata ni kulipa 2,000 kuwania jumla ya 6,000; kwa hivyo sharti ashinde walau mara moja katika tatu. Ikiwa mpinzani ana kopa mbili, au saba na sita za aina yoyote, karata ya mwisho haiwezi kumwokoa: hata ree ya tatu hushindwa. Ikiwa ana tisa na nane, ni karata 8 tu kati ya 44 zitakazomfaa, yaani chini ya moja katika tano.

Kinachosalia ni tumaini kwamba anapigwa mkwara. Wapo wanaopandisha dau kila mara, na hao wanastahili kufuatwa. Mtu mkimya anayeamka ghafla kopa ya tatu inapotua, mara nyingi anayo.

Katika mji wa wanariadha, kujiondoa hakupendezi. Lakini hata Eliud Kipchoge, aliyejijengea jina kwa mazoezi ya Kaptagat, alijiondoa katika marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Hesabu hubadilika iwapo mojawapo ya ree hizo ni ya kopa. Hapo mpinzani hawezi kuwa na kopa tano zinazoongozwa na ree, na kopa 9 zilizosalia zinaweza kumfaa mwenye ree. Kufuata kwaweza kutetewa, mradi mpinzani ni mmoja. Wakiwa wawili na wote wanapandisha dau, ree hutupwa.