Jinsi kristali kubwa zinavyokua chini ya ardhi

Huku Walungu, hasa upande wa Nzibira, wachimbaji wa kasiteriti wanakuta mara nyingine jiwe jeupe lenye pande sita na ncha kali, linalopitisha mwangaza kama kioo. Linaletwa kwa katekista au kwa padri: «Ni almasi?» Mara nyingi ni kwarsi tu. Wadanganyifu wanakwaruza nalo kioo mbele ya mnunuzi. Lakini kwarsi pia inakwaruza kioo, na maskini aliyeuza ng'ombe wake anabaki na jiwe. Basi tuone jiwe kama hili linavyopata umbo lake bila mkono wa fundi.

Tuangalie kwanza chumvi. Katika ziwa la Katwe, huko Uganda, jua linakausha maji na chumvi inaganda. Maji yakikauka haraka, punje nyingi zinaanza pamoja na kugawana chakula kidogo. Yakikauka polepole bila kutikiswa, zinaanza chache, nazo zinanenepa. Kila chembe inayofika inajipanga sawasawa na wenzake. Ndiyo maana pande zinanyooka.

Mfano mkubwa uko mbali, katika mgodi wa Naica, nchi ya Mexico. Mwaka 2000 wachimbaji walitoboa pango karibu metri 300 chini ya ardhi, wakakuta kristali za jipsi, nyingine zenye urefu wa metri 11, zimelala kama miti iliyoangushwa. Zamani pango lilijaa maji yaliyopashwa moto kutoka chini zaidi. Mwambani mlikuwa na anhidriti, ndugu ya jipsi asiye na maji ndani yake. Chini kidogo ya digri 58 anhidriti inayeyuka, jipsi inaganda. Maji yalipoa polepole mno, yakakaa karibu na mpaka huo, na chakula kikaja kidogo kidogo bila kukatika. Wataalamu walipima mwaka 2011: unene wa metri moja unadai karibu miaka milioni moja. Pompi za mgodi ndizo zilizokausha pango. Ziliposimamishwa mwaka 2015, maji yakarudi.

Je, kila kristali kubwa ni ya zamani hivyo? Hapana, na hapa walimu wengi wanateleza. Kule Kobokobo, karibu na Kamituga, mna pegmatiti, yaani mwamba ulioganda kutoka uji wa moto wenye maji mengi. Humo ilichimbwa berili, na mwaka 1984 madini mapya yalipewa jina la kamitugaiti. Katika uji wa namna hiyo punje zinaanza kwa shida, lakini chembe zinatembea upesi. Kristali kubwa inaweza kukua kwa miaka michache, pengine kwa siku.