Si kila taya lililovimba ni jino

Mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, wazazi wengi hukimbilia kumng'oa jino. Huenda likawa kosa kubwa. Uvimbe huo waweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani kali inayowapata hasa watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, kama vile kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani. Jina hilo latokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka wa 1958.

Kinachotisha ni kasi yake. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu.

Uvimbe wa taya kila mtu huuona. Wa tumboni hujificha. Hapo ndipo mashine ya ultrasaundi inapofaa. Hutumia mawimbi ya sauti, haina miale wala maumivu, nayo huonyesha uvimbe ulio kwenye figo, ini au ovari.

Hata hivyo, picha haitaji jina la ugonjwa. Lazima kipande kidogo cha uvimbe kikatwe, kipimwe kwa darubini.

Mzazi, usingoje mwisho wa mwezi. Ugonjwa huu husikia dawa upesi, na watoto wengi waliotibiwa mapema wamepona.