Jogoo wa Nadhiri

Jogoo alianza kulia wakati wa vipaji. Alikuwa mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya nailoni ya bluu, na aliyembeba ni mama aliyevalia vazi la imvutano, nyuma ya waliojitwika vikapu vya maharagwe. Kwaya iliendelea, mstari ukasogea kwa mwendo wa wimbo, wala hakuna aliyegeuka kumtazama. Mtu wa Musaga hahitaji kuambiwa. Huyu mama anaondoa nadhiri.

Kirundi huiita umuhigo, na kuitimiza ni guhigura. Kabla ya wamisionari, Warundi walikwisha kumwita Mungu kwa jina la Imana, wakimfikia kupitia mpatanishi aitwaye Kiranga katika ibada iitwayo kubandwa. Kanisa lilimkataa Kiranga, jina la Imana likabaki, na mazoea ya kuahidi yakabaki nalo.

Musaga, huku kusini mwa Bujumbura, kuna sababu nyingi za kuahidi. Gereza la Mpimba liko hapa hapa. Lilijengwa kwa ajili ya watu 800 na limezoea kufunga maelfu. Mwenye mume au kijana mle ndani hupeleka chakula mchana, usiku humwahidi Mungu. Mwaka 2015, maandamano ya kisiasa yalipopamba moto na mitaa ikafungwa kwa vizuizi, wengine waliahidi wakiwa njiani kukimbilia Rwanda au Tanzania: nikirudi salama, nitatoa kitu fulani. Kisha Machi 2021 Rais Évariste Ndayishimiye akatia saini msamaha wa wafungwa zaidi ya 5,000. Siku zile, nadhani, madeni mengi ya usiku yaliiva kwa mpigo.

Jina la rais huyo lenyewe ni shukrani: namshukuru Imana. Mrundi kwa kawaida hapewi jina la ukoo, kila mtoto hupata lake, kwa hiyo ukiita watoto wa nyumba moja unasikia habari za wazazi wao. Nshimirimana, namshukuru Mungu. Hakizimana, aponyaye ni Mungu. Aliyelilia mtoto miaka mingi anaweza kukosa hata kuku wa kupeleka kanisani, lakini jina analo, na mtoto atalibeba mpaka kaburini.

Wapentekoste wao hupenda ushuhuda. Mtu hupewa maikrofoni, ataje ugonjwa, ataje usiku alioahidi, na asipokatizwa ataje na bei ya dawa.

Shida huja pale ulimi unapotangulia mfuko. Katekista mmoja alinisimulia habari ya mama aliyekwenda kwa padri na nadhiri nzito.

“Padri, nimemwahidi Mungu ng'ombe.”

“Vema, mama. Ng'ombe huyo ni wa nani?”

“Wa shemeji.”

Tulicheka, lakini katika Biblia Yefta naye aliahidi kwa pupa, na aliyelipa ni binti yake. Hesabu sura ya 30 inamruhusu mume kutengua nadhiri ya mkewe siku anapoisikia, akinyamaza, imesimama. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 haitazami mume wala mke. Nadhiri humfunga aliyeiweka peke yake, paroko anaweza kumfungulia kwa sababu ya haki ilimradi haki ya mwingine isiguswe, na aliyeahidi anaweza kutoa kilicho bora au sawa na alichoahidi. Naiona ni sheria yenye huruma. Hata hivyo wengi hawataki kufunguliwa. Ukiwaambia Mungu ameelewa, wanajibu kwamba wao ndio walioahidi, na majirani walisikia.

Misa ilipokwisha, jogoo alikuwa amelazwa kando ya vikapu, amechoka kulia. Yule mama aliingia kwa mlango wa pembeni, akapiga goti, akamfungua miguu polepole, akamkabidhi mtumishi wa kanisa amshike kwa mikono. Kamba aliikunja akaifutika kiunoni. Ilikuwa ya kuazima.